Shujaa wa Kwanza wa Ostrebeke

Nchi yetu haimo kwenye ramani. Si kwamba ni ndogo kupita kiasi. Ni kwamba ramani yake iko mezani kwa Mfalme kwa marekebisho tangu babu yangu akiwa hai, na haijarudi. Iko kaskazini ya Ulaya, mahali ambapo ardhi ni tambarare kama meza na mvua haina msimu wake. Upande wa juu watu husema Kiholanzi, upande wa chini husema Kifaransa, na katikati tulikuwa sisi wa Ostrebeke, tuliosema chochote kilichotangulia mdomoni. Baba alimtongoza mama kwa Kiholanzi, mama akamkubali kwa Kifaransa, na mimi Liesbet nikazaliwa bila mtu yeyote kuomba kibali.

Kama msomaji ataona nchi hii inafanana na nyingine anayoijua, basi ni yeye aliyeona. Mimi sikusema.

Mfalme wetu anaitwa Evermond wa Tatu. Hakukuwa na wa Kwanza wala wa Pili. Aliona tu kwamba si heshima kwa mfalme mkubwa kuanzia moja.

Tangu utoto wake Mfalme alitaka vita. Alikuwa amesoma habari za wafalme waliosukuma mipaka yao mpaka baharini, na kilichomuumiza ni kwamba bahari sisi tulikuwa nayo tayari, imekaa tu hapo, haina sifa kwa mtu yeyote. Alipovikwa taji aliwaandikia majirani wetu wawili kuwatangazia vita. Mmoja alijibu kwamba ofisi inayohusika imefungwa kwa likizo ya kiangazi. Mwingine hakujibu.

Hapo ndipo Waziri wa Vita alipobuni mpango ambao nasikia wataalamu huja kuusoma kutoka mbali. Aligawa jeshi letu mafungu mawili. Jeshi la Kaskazini, linalosema Kiholanzi, akapewa Jenerali Van Oosterzeel. Jeshi la Kusini, linalosema Kifaransa, akapewa Jenerali de Brémont. Kazi ya kila jeshi ikawa kuteka vijiji vya jeshi la pili, na kijiji kikitekwa, lugha yake hubadilika siku hiyo hiyo. Kwa kuwa majeshi yote mawili ni ya Mfalme, kila ushindi ni wake. Ana miaka kumi na tisa kwenye kiti na hajashindwa vita hata kimoja. Gazeti la Serikali huandika kwamba hakuna mfalme mwingine duniani mwenye rekodi hiyo, na mimi sina sababu ya kubisha, maana gazeti hilo halijawahi kusahihishwa.

*

Vita vyetu vilikuwa vikianza saa mbili asubuhi. Jeshi linaloshambulia lilikuja na ngoma, kamba ndefu na vigingi vilivyopakwa rangi, vya buluu kwa Kiholanzi na vyekundu kwa Kifaransa. Jeshi linaloshambuliwa lilikuwa limeshajipanga likisubiri, limepiga viatu rangi. Majenerali walipigiana saluti, kamba ikanyooshwa, vigingi vikagongwa, aliyeshindwa akatia saini. Kisha wote walikwenda kunywa supu ya mbaazi kwenye mgahawa wa Mama Pharaïlde. Hakuna aliyepata kuumia, isipokuwa sajini mmoja aliyejigonga kidole gumba kwa nyundo ya vigingi. Alipewa nishani mbili, moja na kila jeshi.

Sisi wanakijiji kazi yetu ilikuwa kuzoea. Mwoka mikate alitengeneza kibao cha duka chenye bawaba, akawa anakigeuza tu kama ukurasa. Mwalimu alifundisha hesabu asubuhi kwa lugha moja na akasahihisha mchana kwa nyingine, na watoto waliopata asubuhi wakakosa mchana. Aliyesikika akisema lugha ya jana alivishwa kibao shingoni kilichoandikwa "Mimi ni mtu wa jana", akakivaa mpaka amkamate mwingine akikosea, amvishe yeye. Najua wako wasomaji waliowahi kuvaa kibao kama hicho shuleni. Hao hawahitaji kuelezwa.

Baba yangu, Mzee Joost, fundi wa viatu vya mti, alikivaa kuliko mtu yeyote. Si kwamba alikosea sana. Alikataa kumvisha mwingine.

"Nimvishe nani?" aliniuliza. "Nikimvisha jirani, lugha yangu itakuwa imenyooka?"

Akachonga viatu na kibao chake kifuani, kikigongagonga ukingo wa benchi. Wateja walisema kinampa mapigo ya kazi.

*

Baba alifariki Jumanne moja ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, akiwa ameketi kwenye benchi lake, patasi mkononi. Nilidhani anafikiri. Alikuwa na kawaida hiyo, kukitazama kipande cha mti kabla ya kukiumiza.

Alikuwa ameniachia ombi moja tu, tangu wakati wa baridi. "Utanilaza karibu na mama yako," alisema. "Kushoto kwake. Miaka arobaini nimelala kushoto. Kulia sitazoea."

Mchana ule ule Lambert, mchimba makaburi wetu, mtoto wa Mama Pharaïlde, alichimba kaburi kushoto kwa mama. Lambert alikuwa mtu wa miaka thelathini, mikono mirefu, mdomo haukai.

"Dada Liesbet," aliniita kutoka chini shimoni, "mzee alikuwa mrefu kiasi gani?"

"Unamjua tangu umezaliwa, Lambert."

"Namjua amekaa. Siku aliyosimama wima nilikuwa sipo."

Nikacheka, siku ya msiba wa baba yangu, nikaona aibu. Lambert akasema hakuna aibu, maana mzee mwenyewe angecheka, halafu angemuuliza kama shimo lina pembe sawa. Alitarajia kuoa mwezi wa kumi, msichana mfumaji kutoka upande wa Kusini. Nilimuuliza ataoa kwa lugha gani. "Itakayokuwepo asubuhi hiyo," alisema. "Nimejifunza kusema ndiyo kwa zote."

Jumatano saa mbili asubuhi tukasikia ngoma. Jeshi la Kusini lilikuja na kamba, na kufikia saa tatu nusu ya Ostrebeke ilikuwa imetekwa. Nyumba yetu ilibaki Kiholanzi. Makaburi yakawa Kifaransa. Kigingi chekundu kiligongwa hatua ishirini kutoka mlangoni petu, na askari aliyekigonga alivua kofia aliposikia kuna maiti ndani, akanipa pole kwa lugha zote mbili, kwa sauti ya chini, akitazama nyuma.

*

Sheria yetu inaitwa Sheria ya Mapumziko ya Amani. Inasema aliyefariki katika lugha moja asizikwe katika ardhi ya lugha nyingine, ili wafu wasije wakagombana. Anayetaka vinginevyo apite ofisini.

Ofisi ya Mpaka ilikuwa na madirisha mawili, la Kiholanzi na la Kifaransa, na karani mmoja, Bwana Hippoliet. Alikuwa na kofia mbili. Nilimkuta dirisha la kushoto amevaa ya buluu.

"Marehemu yuko wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, Mheshimiwa."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Amefariki."

"Nimesikia. Nauliza kwa ajili ya fomu." Akaandika. "Suala la makaburi si la dirisha hili. Nenda dirisha la pili."

Nilikwenda dirisha la pili, hatua tatu. Yeye naye alitembea hatua tatu kwa ndani, akavaa kofia nyekundu, akakaa, akanitazama kama mtu ambaye hajapata kuniona.

"Karibu, mama. Una shida gani?"

Nikaeleza upya. Alisikiliza vizuri sana. Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli, nzuri kuliko ile ya dirisha la kwanza. Kisha akasema marehemu wangu hajulikani katika Kifaransa.

"Anaweza kuhamishwa akawa Mfaransa?" niliuliza.

"Bila shaka. Serikali haimfungii mtu mlango. Kuna mtihani mfupi wa mdomo."

"Mheshimiwa, hawezi kusema."

"Wengi huwa na woga. Alete barua ya daktari, atasamehewa."

Siku ya Alhamisi nilikwenda kwa daktari. Aliandika kwamba hali ya mgonjwa ni tulivu na haitarajiwi kubadilika. Karani alisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Msamaha, alisema, ni kwa wenye matatizo ya muda tu.

Nilirudi nyumbani. Kiwanda cha siagi kilikuwa kikituletea barafu, na majirani walipokezana kuipanga kuzunguka jeneza. Joto la mwezi wa nane lilikuwa limekaa kijijini kama mgeni asiyeaga. Sikuweza kukaa. Nilifagia karakana ya baba, nikamaliza, nikaifagia tena. Nilikwenda makaburini kutazama shimo, nikarudi kutazama barafu, nikaenda tena kutazama shimo. Kila nilipovuka kamba ilinibidi kubadilisha salamu.

Lambert alikuwa ameketi ukingoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani, kibao shingoni. Alikuwa amesahau akamwambia kuku "toka" kwa lugha ya Jumanne.

"Wameniambia nilifukie," alisema. "Nikawaambia sawa. Ninalifukia polepole. Tangu asubuhi nimerudisha kijiko kimoja."

"Watakufunga, Lambert."

"Wanifunge wapi? Jela iko upande wa Kaskazini na mimi ni kosa la Kusini. Watahitaji fomu."

*

Ijumaa Bwana Hippoliet alinivuta pembeni, mahali ambapo hapakuwa na dirisha. Alivua kofia zote mbili. Kipara chake kilikuwa chekundu kwa joto.

"Dada yangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "askari aliyeanguka vitani huzikwa popote. Hakuna kibali, hakuna mtihani. Ni kifungu cha saba."

"Baba hakuwa askari. Alikuwa mchonga viatu."

"Sikiliza." Akafungua kabati, akanionyesha sanduku lililojaa karatasi za njano, zimefungwa kwa uzi ambao haujapata kukatwa. "Fomu za waliofariki vitani. Elfu mbili. Ziliagizwa mwaka Mfalme alipotawazwa. Kila mwaka mkaguzi anakuja, anaona sanduku limejaa, ananiandikia kwamba mimi ni mvivu. Miaka kumi na tisa naandikwa mvivu. Nawezaje kujaza fomu wakati hawafi? Nisaidie, nami nitakusaidia."

Tukajaza pamoja.

"Alianguka wapi?"

"Hakuanguka. Alikuwa ameketi."

"Mbele ya adui," aliandika. "Alikuwa na kitu mkononi?"

"Patasi."

"Silaha ya jadi. Maneno yake ya mwisho?"

Nikafikiri. Neno la mwisho la baba lilikuwa kuniuliza kama nimeiona kalamu yake ya risasi. Nilipomwambia, Bwana Hippoliet alisimamisha kalamu hewani kidogo, kisha akaandika: *Alidai silaha zaidi.*

"Jeshi gani?"

"Hakupenda lolote."

"Tuache wazi," alisema. "Nafasi iliyo wazi haina madhara."

Nilitia saini. Nasema hivi kwa sababu wako wanaonitetea kwamba nililazimishwa. Sikulazimishwa. Nilikuwa na shimo lililo wazi na barafu inayoyeyuka, na nilitaka wazee wangu walale pamoja. Bwana Hippoliet aligonga muhuri kwa nguvu hivi kwamba vumbi liliruka, na nilimwona anafuta macho. Alasiri ile ile fomu iliondoka na tarishi wa farasi kwenda mji mkuu, kwa kuwa fomu ya kwanza ya aina yoyote lazima ionwe na Mfalme mwenyewe.

*

Jumamosi asubuhi tulimbeba baba hadi makaburini. Tulivuka kamba bila mtu kutuuliza neno. Askari wa zamu aliinua kamba kwa mkono ili jeneza lipite. Tulikuwa tumeshaliweka kwenye mbao juu ya shimo, Lambert ameshika kamba za kuteremshia, ndipo tukasikia ngoma.

Si ngoma ya kijiji. Zilikuwa ngoma nyingi.

Mfalme Evermond alikuja mwenyewe kwa gari la farasi weupe, na nyuma yake majenerali wawili wakisukumana kwa mabega. Ni mtu mdogo, mwenye sauti nzuri. Alishuka, akatembea mpaka kwenye jeneza, akaweka mkono juu yake kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye, Mtukufu," alisema Jenerali Van Oosterzeel. "Mtu wa Kaskazini. Alifia upande wetu wa kamba."

"Alikuwa akielekea Kusini na silaha mkononi," alisema Jenerali de Brémont. "Mwanangu wa Kusini, Mtukufu. Alikuwa anakuja kwetu."

"Alikuwa anakuja kwenu kuwachoma patasi!"

"Amekaa? Tangu lini mtu akashambulia amekaa?"

"Kimya," alisema Mfalme, na machozi yalikuwa yanamtoka. Alitugeukia sisi watu wapatao thelathini, na kuku wa Mama Pharaïlde.

"Wananchi! Kwa miaka kumi na tisa nimeshinda vita, na kwa miaka kumi na tisa mabalozi wamenicheka nyuma ya vitambaa vyao vya mkono. Nilijiuliza, wananicheka nini? Ushindi ninao! Nishani ninazo! Leo nimeelewa. Hawakuwa wameona jeneza. Mzee huyu, kwa hiari yake, kwa upendo wake kwangu, amelijaza pengo lililokuwa katika historia yetu. Kuanzia leo sisi ni taifa kama mataifa mengine!"

Bendi ikapiga wimbo wa Taifa mara mbili, kwa lugha mbili, kwa sababu majenerali hawakuelewana.

"Mpakieni," alisema Mfalme.

Nilidhani sikusikia vizuri. Lambert alikuwa wa kwanza kuelewa. Alisimama kati ya askari na jeneza, kamba bado mikononi.

"Mtukufu, samahani. Kaburi la mzee liko tayari. Hili hapa. Mke wake ndiye huyu wa jirani."

Mfalme alisogea, akachungulia ndani. Alilitazama kwa muda, kwa heshima kabisa.

"Ni zuri," alisema. "Lakini hili ni kaburi la mtu."

Walimpandisha baba kwenye gari la mzinga. Nilitembea nyuma yake mpaka mwisho wa kijiji, na pale kwenye kigingi cha buluu sajini alinizuia akasema msafara ni wa kitaifa, ndugu hawaruhusiwi. Alikuwa yule mwenye nishani mbili. Alisema hivyo akitazama viatu vyake, na viatu vyake vilikuwa vimechongwa na baba.

*

Kwenye mji mkuu walijenga Ukuta wa Mashujaa. Ulikuwa mrefu kama mtaa mzima, wa mawe meupe, na ndani yake zilichongwa nafasi za majeneza, safu juu ya safu. Baba aliwekwa katika nafasi ya kwanza, chini kushoto. Zilizobaki zilikuwa wazi. Mbele waliweka sanamu yake akiwa juu ya farasi, ana masharubu na upanga. Baba aliogopa farasi kiasi kwamba alimpisha njia hata punda.

Niliandika kuomba nirudishiwe. Ofisi ya Ukuta ilijibu kwa adabu kubwa. Walisema wanaelewa uchungu wangu na wanajivunia pamoja nami. Hata hivyo, nafasi ya kwanza haiwezi kubaki tupu hata siku moja, kwa kuwa adui angefurahi. Shujaa atarudishwa kwa familia siku atakapopatikana shujaa mwingine wa kukaa mahali pake, na jambo hilo likitokea nitaarifiwa kwa barua.

Nilipoisoma nilicheka. Nilijiambia, shujaa mwingine atatoka wapi, labda yule wa kidole gumba.

Lakini Mfalme alikuwa ameyapenda sana yale mazishi. Nasikia aliyasimulia kila siku mezani. Alikuwa anakwenda kuutazama Ukuta jioni baada ya chai, na jinsi ulivyokuwa mweupe na mtupu ulimnyima raha. Mwezi wa tisa likatoka tangazo: vita visivyo na maziko ni marufuku, vinalitia taifa aibu. Majeshi yatapewa risasi. Supu ya pamoja imefutwa. Kila kijiji kitatoa wanaume, Kaskazini kwa Jenerali Van Oosterzeel, Kusini kwa Jenerali de Brémont, na kamba ndiyo itakayoonyesha nani ni wa nani.

Asubuhi ile kamba ilikuwa imepita ubavuni mwa mgahawa wa Mama Pharaïlde, kwa hiyo Lambert akawa mtu wa Kaskazini. Shemeji zake watarajiwa, kaka za yule msichana mfumaji, wakawa watu wa Kusini.

Alikuja kuniaga na koleo begani, kwa mazoea tu.

"Dada Liesbet, nilifukie shimo la mzee au niliache?"

"Liache."

"Litajaa maji."

"Nitaliwekea mbao."

"Basi nikirudi nitalikausha." Alikuwa anatafuta mzaha, nikaona anautafuta na haupati. "Wametupa bunduki," alisema mwishowe. "Nimemuuliza sajini, hao wa upande wa pili tukiwakuta ni watu tuliocheza nao karata? Akasema ndiyo, ila tusiwaite kwa majina."

"Wewe utawaitaje?"

"Sijui. Sijapata kumwita mtu kwa kitu kingine."

Aliniachia koleo.

*

Barua ya Ofisi ya Ukuta ilifika Alhamisi moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja.

*Tuna furaha kukuarifu kwamba amepatikana shujaa anayefaa kukaa katika nafasi ya kwanza, naye ni Lambert wa Ostrebeke, mchimba makaburi, Jeshi la Kaskazini. Unaweza kufika na mkokoteni siku yoyote ya kazi kumchukua mzazi wako. Njoo na barua hii.*

Nilisimama nayo mlangoni. Gazeti la Serikali la asubuhi ile lilikuwa mezani, nami nilikuwa nimeshalisoma: ushindi mkubwa wa pande zote mbili, hakuna hasara. Nikajua kwamba Mama Pharaïlde hajaambiwa. Nikajua pia kwamba hakuna mtu aliyepangiwa kumwambia, kwa kuwa fomu ya kumwambia haikuwa imetungwa.

Nilimkuta anamenya viazi. Nilimsomea.

"Nisomee tena jina," alisema.

Nikamsomea tena.

"Na kazi yake?"

"Mchimba makaburi."

"Ndiye," alisema. Akaendelea kumenya kile kiazi mpaka kikaisha mkononi mwake, kikawa maganda tu. Nilikaa naye. Kisha akasema, "Kamchukue baba yako, mwanangu. Shimo lipo. Lambert wangu alilichimba vizuri."

"Nitakwenda, mama."

Nilikusudia kwenda. Nilitengeneza mkokoteni, nikapaka ekseli mafuta, nikaondoa mbao juu ya kaburi. Lakini wiki ile mvua haikukatika na barabara ikawa tope, na Alhamisi iliyofuata barua nyingine ikaja. Kwa kuwa sijafika, waliandika, Lambert wa Ostrebeke amewekwa katika nafasi ya pili. Sasa yupo mwingine anayefaa kukaa mahali pa baba yangu, anaitwa Quirin wa Halsebrouck, mpanda vitunguu, Jeshi la Kusini. Alikuwa kaka mkubwa wa yule msichana mfumaji. Nilikwenda kwa miguu mpaka Halsebrouck na barua kifuani. Kule nako walikuwa na gazeti. Kule nako hakukuwa na hasara.

Wiki ya tatu sikuhitaji kwenda popote. Nilipofungua mlango Alhamisi asubuhi, wanawake walikuwa wameshafika. Wengine walitoka upande wa buluu, wengine upande wa nyekundu. Walikaa kwenye benchi la baba, kwenye ngazi, kwenye magogo ya kuchongea, na hakuna aliyemsalimu mwenzake kwa kuogopa kukosea lugha. Hakuna aliyebeba kitu cha kufuma. Tarishi alipotokea kwenye kona walisimama wote kwa pamoja, na yule mtu maskini akapunguza mwendo.

Ni hivyo kila Alhamisi sasa. Barua huja na jina moja. Nikilisoma, mmoja huinuka, wengine humshika, na waliobaki hurudi nyumbani wakiwa na wiki moja zaidi. Mama Pharaïlde huja pia, ingawa hana tena mtu wa kumsikilizia. Huleta supu.

Wako wanaoniuliza, na wana haki ya kuuliza, mbona simrudishi baba, na kaburi liko wazi, na ruhusa ninayo. Siku nitakayomchukua, Ofisi ya Ukuta haitakuwa na sababu ya kuniandikia. Nimemweleza mama yangu jambo hili, nikiwa nimesimama pale kando ya kaburi lake kwenye mvua, na nimemwomba anisamehe kwa kumlaza peke yake.

Kwa hiyo kila Ijumaa mimi nami huketi na kuwajibu. Nawashukuru kwa taarifa yao. Nawaambia kwamba ningependa sana kufika, ila gurudumu la mkokoteni limevunjika na fundi yuko jeshini, na nawaomba, kama haitakuwa usumbufu, waniarifu tena akipatikana mwingine.